Novemba ya Viatu vya Dhahabu

Saa moja asubuhi, Alhamisi, Kista bado ni giza. Cyprian Wambura anafungua mlango wa roshani yake ya ghorofa ya nne, koti la kazi juu ya nguo za kulalia, na kuinama mbele ya kisanduku cheupe alichokitengeneza kwa mbao za kitanda kibovu. Anakimulika kwa tochi ya simu. Ndani yake kuna kipimajoto.

"Nyuzi mbili juu ya sifuri," anasema. "Na upepo wa kusini. Huo ni uongo wa asubuhi."

Anarudi ndani, anagonga kioo cha barometa kwa kucha, taratibu, kama anayebisha hodi kwa mgonjwa. Anaandika. Kisha anafungua kundi la simu la Waafrika Mashariki wa upande wa kaskazini wa Stockholm na kuweka kidole gumba juu ya herufi. Kidole kinakaa hapo. Hatimaye anairudisha simu mfukoni.

Tangu katikati ya Novemba hajaandika neno.

Wambura ana miaka hamsini na minane, mzaliwa wa Tarime. Alikuja Sweden kwa mafunzo ya ufundi, mafunzo yakaisha, yeye akabaki. Kazi yake ni kutunza njia za miguu kati ya majengo ya Kista. Kiangazi anafyeka nyasi, vuli anakusanya majani. Baridi ikiingia anasukuma theluji na kumwaga changarawe ili watu wasiteleze.

"Watu hunikumbuka wakianguka," anasema. "Wakifika salama husifu viatu."

Mshahara, kwa maneno yake, unatosha kodi, chakula na kumsaidia dada yake nyumbani. "Ukibaki, umebaki kwa bahati mbaya."

Kupima hewa hakulipwi na mtu. Alianza miaka kumi na moja iliyopita, na kila asubuhi alilipeleka jibu kwenye kundi kwa neno moja tu: raba, buti, au broddar, yaani vile vyuma vyenye meno ambavyo watu wa huku huvivalisha chini ya kiatu wakati wa halka, barafu ya utelezi. Wafagiaji wa maofisi ya Kista walivaa kwa neno lake. Wapakia mizigo wanaopanda treni ya Märsta kwenda uwanja wa ndege walivaa kwa neno lake.

"Simu inakwambia nyuzi," anaeleza. "Haikwambii uvae nini mguuni. Mtu wa Ukerewe ukimwambia hasi tatu, aifanyeje? Aikaange?"

Sifa zake zilivuka mpaka. Wapo wanaoapa kwamba mwaka mmoja aliandika "buti" katikati ya Julai, wakamcheka, na mchana wakaja kumwomba radhi kwa simu wakiwa wamejibanza chini ya meza ya nyama choma, mvua ya mawe ikiwa imekwisha kuwanyang'anya mishikaki yote.

Kisha ikaja Novemba hii iliyopita.

Wiki ya kwanza ilikuwa ya joto hadi waridi la jirani likachipua kwa kudanganyika. Ikafuata tufani. Inasemekana upepo ulimvua mzee mmoja kofia hapa Kista, ikatua Märsta juu ya kichwa cha mtu mwingine, na ikamkaa sawasawa. Theluji ikaanguka hadi magotini, ikayeyuka kabla watoto hawajamaliza kutengeneza sanamu moja, ikaanguka tena.

"Ulikuwa mwezi wangu mtamu kuliko yote," anasema Wambura, na sauti inashuka. "Nilikuwa naamka kabla ya kengele. Nafurahi kama mtoto. Hilo nalo linaniuma, kwamba nilikuwa nafurahi."

Jumamosi ya katikati ya mwezi huo kulikuwa na shughuli ukumbini Rinkeby, mtaa jirani. Alikuwa anaagwa kabla ya harusi yake Jasmin, mwanafunzi wa uuguzi aliyezaliwa hapahapa, mjukuu wa Bi Mwatumu. Huyu bibi ni mtu wa Tanga, mpishi mstaafu wa jiko la hospitali, na nyumba yake ndiyo hoteli ya kila Mswahili aliyefika Stockholm bila mwenyeji. Wambura mwenyewe alilala kwenye sofa yake msimu wake wa kwanza wa baridi.

Kamati ya shughuli iliongozwa na Victoire, Mkongo mwenye sauti ya kutosha ukumbi mzima bila kipaza. Sare ilikuwa kitenge cha zambarau na viatu vya dhahabu, soli zake laini kama ulimi.

Ijumaa Wambura alitazama vipimo vyake. Mvua ilikuwa inanyesha, barometa inaanza kupanda, upepo unageukia kaskazini. Maana yake kesho jioni mbingu itakuwa safi na maji yote yaliyo chini yatakuwa kioo. Akampigia Victoire.

"Papa Cyprian," Victoire alimjibu, "unataka kutuletea maneno mubaya mbele ya fête ya mutoto?"

"Nasema tu halka itakuwepo, Mama Victoire."

"Halka iko kila mwaka. Kuagwa kwa Jasmin iko mara moja. Tupe neno muzuri, Papa. Moja tu."

Asiyejua atasema angeshikilia ukweli wake. Lakini shughuli haitabiriwi mabaya. Ukisema mvua itanyesha siku ya harusi ya watu, ikinyesha wewe ndiye uliyeileta, na utaitwa mkosi hadi wajukuu wa bibi-arusi. Wambura alijua hayo tangu kwao. Aliandika: "Viatu vya sherehe. Hakuna neno."

Kundi lilijaa vigelegele vya maandishi.

Kesho yake mchana, alipotoka kwenda Rinkeby, alizitia broddar zake mfukoni mwa koti.

Jumamosi ile asubuhi alipima nyuzi sita juu ya sifuri. Jioni, mtu yeyote aliyetoka nje ya ukumbi aliona pumzi yake mwenyewe ikimtangulia. Saa moja usiku Wambura aliaga, kwa kuwa Jumapili alikuwa na zamu ya alfajiri. Bi Mwatumu akainuka kumsindikiza hadi kituo cha basi.

"Baki ndani, Bi. Baridi."

"Mgeni wangu hasindikizwi na mlango," alimjibu.

Bibi alipokuwa anatafuta shali yake, Wambura alikwisha kuinama kwenye ngazi na kuzivalisha broddar chini ya viatu vyake mwenyewe.

"Nilijisemea ni hatua chache, nitamshika mkono," anasimulia. "Nilimshika kweli. Lakini alikuwa anacheka. Akaniachia mkono, akatangulia hatua kadhaa anioneshe wifi yake alivyokuwa akicheza."

Bi Mwatumu alianguka kwa ubavu. Nyonga ilivunjika. Alifanyiwa upasuaji usiku uleule, na wanawake wengine wa sare walirudi nyumbani wameshikana mabega, miguu imefungwa mifuko ya plastiki, dhahabu yote ndani.

Leo, baada ya kazi, Wambura anapanda basi hadi Rinkeby, kama afanyavyo kila siku tangu bibi atoke hospitali. Amebeba mkate na samaki. Bi Mwatumu amekaa kando ya dirisha, gari lake la kutembelea, lile la kushikilia na kusukuma, mbele yake kama ng'ombe aliyefungwa.

"Karibu, Bwana Hakuna Neno," anasema.

"Nimekaribia, Bi."

"Umeleta samaki au umeleta uso huo tu?"

Jasmin, anayekunja nguo kwenye sofa, anasema kwa Kiswidi kwamba bibi achague: ama asamehe, ama amchokoze, si vyote viwili.

"Kusamehe nilisamehe siku ileile," bibi anamjibu kwa Kiswahili. "Huku kuchokoza ni haki yangu ya uzeeni."

Wambura anapokwenda jikoni kuweka samaki, bibi anaangalia mlango aliopitia.

"Nilipokuwa chini niliona nyota," anasema kwa sauti ya chini. "Nyingi. Nikasema, kumbe Stockholm ina nyota. Halafu nikasikia viatu vyake vinakuja, ka, ka, ka. Mtu anakimbia juu ya barafu kama yuko uwanjani. Nikajiuliza, huyu mbona hatelezi?" Anapapasa mkono wa kiti. "Nyonga iliuma. Lakini pale pa kujua kwamba alijua, pale ndipo paliponiuma."

Harusi yenyewe ni Jumamosi hii, kesho kutwa, ukumbi uleule. Kutoka mlango wa jengo la bibi hadi ukumbini ni kuvuka uwanja wa wapita miguu ambao magari hayaingii. Madaktari wamemwambia anaweza kutembea, ardhi ikiwa kavu. Wamemwambia pia kwamba bila fimbo hatatembea tena. Habari za kuanguka mara ya pili hawakutaka hata kuzitaja.

Wambura anarudi kutoka jikoni na kukaa kwenye ncha ya kiti. Victoire amemwandikia tangu jana: "Papa Cyprian, viatu gani?" Hajajibu.

"Nikisema vizuri, nitaumiza mtu," anasema. "Nikisema vibaya, nimeharibia mtoto harusi. Nimeona ninyamaze."

"Kunyamaza nako ni kusema hakuna neno," Bi Mwatumu anamwambia.

Jasmin anaacha kukunja nguo.

"Niangalie, Cyprian. Jumamosi kuna nini?"

Wambura anaangalia dirisha, kisha ndara za bibi.

"Halka, Bi. Kesho mvua, Jumamosi mbingu safi. Kama ile. Pengine mbaya kuliko ile."

"Basi nambie kama ungemwambia mama yako."

"Usitoke."

Bibi anavuta kanga yake mabegani. Viatu vya dhahabu viko pale kwenye kizingiti cha dirisha, kimoja kimepinda ubavuni. Ameahidi kumtoa mjukuu wake kwa mkono wake. Anakigusa kile kilichopinda.

"Ahsante," anasema. "Hilo ndilo nililotaka siku ile."

"Usitoke mpaka nije," Wambura anaongeza haraka, kama anayeogopa kunyang'anywa zamu. Rinkeby si eneo lake la kazi, na changarawe ya Kista haivuki mpaka. Atanunua magunia yake mwenyewe. Atakuja Jumamosi asubuhi, atamwaga njia kutoka mlango huu hadi mlango wa ukumbi, pana ya kutosha gari la kutembelea na mtu mmoja pembeni.

"Na ikikukosea hesabu, ikawa kavu?" bibi anauliza.

"Watanicheka."

"Tutakucheka," anamsahihisha.

Wambura anatoa simu. Safari hii kidole hakikai sana. Anaandika: "Jumamosi ni broddar kwa wote, hata bibi-arusi. Anayetaka kuniita mkosi, ninaishi Kista, ghorofa ya nne, kengele inafanya kazi."

Dakika zinapita. Jasmin anasema kwa Kiswidi kwamba pengine wote wamemtoa kwenye kundi. Kisha simu inalia. Ni Victoire.

"Papa, za rangi ya dhahabu ziko?"

Bi Mwatumu anacheka hadi anashika nyonga. Wambura anacheka kidogo, kisha anaacha. Anasema kipimo cha Jumamosi ile ya Novemba bado kiko ukutani kwake pamoja na vingine, sita juu, tano chini, na watu wa hewa wakikiona watakisifu. Yeye hawezi kukiangalia. Angeutoa mwezi wote, joto, tufani na theluji, apewe nafasi ya kupiga simu moja tena.

Wakati wa kuaga, bibi anaweka mikono kwenye gari lake, anajinyanyua na kumsindikiza. Wanafika mlangoni, mlango wa ndani, anasimama hapo.

Wambura anatoa kitu mfukoni: broddar mpya, saizi ndogo, bado zimo kwenye kadi ya dukani. Anamkabidhi kwa mikono miwili.

"Nataka Jumamosi tukivuka uwanja ule nisisikie viatu vyangu tu," anasema.