Iende au Imwage

Kazini kwetu kulikuwa na mwanamke aliyekuwa na maneno mawili tu, na kwa maneno hayo alitutawala miaka kumi na tisa. Akionja achari yako akasema "Iende," una kazi mpaka Alhamisi nyingine. Akisema "Imwage," unaibeba chupa yako mwenyewe, unapita nayo mbele ya wenzako hadi kwenye mtaro nyuma ya jiko, unaimimina, na pipa zima ulilolitengeneza linafuata. Ukimwagishwa mara tatu mfululizo unavua aproni. Tulimwita Mama Ulimi. Jina lake la kwao sidhani hata bosi alilijua.

Mimi sitamsifu. Wanaosifiwa ni marehemu, na huyu yu hai, nimemwona asubuhi hii. Ila kweli niseme: alikuwa anajua. Angeonja ndimu akakwambia umezianika siku tano badala ya saba. Angeonja embe mbichi akauliza, "Huyu nani aliyeunguza uwatu, akaona uvivu kukaanga mwingine?" Halafu anageuza chupa, anasoma namba iliyoandikwa kwenye kitako, na kweli ni wewe, na kweli uliona uvivu. Alikaa kwenye stuli mwisho wa meza, mbele yake sahani ya viazi vilivyochemshwa bila chumvi. Anaonja, anatema kwenye karai, anauma kiazi kusafisha kinywa, anahamia chupa nyingine. Sisi wanane tulikuwa tukisubiri nje. Ndani alikuwa yeye na chupa nane peke yao.

Na roho yake ilikuwa mbaya, hilo tusifichane. Kuna dada alimwagishwa ya tatu akiwa na mimba ya miezi minane. Akapiga magoti pale pale kwenye sakafu yenye mafuta. Mama Ulimi akamwambia, "Ukiinuka usisahau kuacha kifuniko, ni cha kiwanda." Tulicheka. Mimi pia nilicheka, kwa sababu yangu ilikuwa imepita.

Mwaka juzi akaugua mafua. Si yale ya kupiga chafya mbili tatu. Alilala wiki tatu na homa juu. Aliporudi alikuja na utaratibu mpya. "Namba sizitaki tena," akasema. "Kila mtu asimame nyuma ya chupa yake. Anayeogopa macho yangu anajua alichopika." Bosi akapiga makofi. Sisi tukaona ni ukatili mwingine umeongezwa juu ya ule wa zamani, basi. Hakuna aliyejiuliza kwa nini. Mtu akishazoea kuonewa haulizi maswali, anajipanga tu vizuri kwenye foleni.

Kuanzia hapo akawa anakuja mbele yako, anafungua kifuniko, anachota kwa kijiko cha mti, anatafuna polepole, na macho yake yako usoni mwako muda wote. Wenye wasiwasi walimwagishwa. Waliojiamini walipita. Tukasema, kweli huyu mama ni kiboko.

Wiki niliyomzika mama yangu nilirudi kazini siku ya nne, kwa sababu siku ya tano aproni hupewa mwingine. Nina mapacha, na nina mume anayeishi na mwanamke mwingine mtaa wa pili. Hata kuhamia mbali aliona uvivu. Kwa hiyo nikarudi. Achari yangu ya ndimu ilikuwa nzuri, na mimi si mtu wa kujipaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Lakini nilisimama nyuma yake machozi yakinitoka kwa ajili ya mama. Mama Ulimi akatafuna, akanitazama, akasema, "Imwage."

Nikamwaga. Nilimwaga pipa zima huku nalia, na wenzangu wakadhani nalilia achari.

Alhamisi iliyofuata nilikuja na jino bovu, taya limevimba. Na siku hiyo jirani yangu wa mezani, dada tuliyemwita Mrefu kwa sababu ni mfupi kama nini, alikuwa ameunguza mafuta yake na hana cha kuonjesha. Nikamwonea huruma, nikamchotea chupa moja kutoka kwenye pipa langu. Kwa hiyo mezani tukasimama watu wawili na achari moja: embe ile ile, chumvi ile ile, mkono mmoja. Mrefu alikuwa anatabasamu, maana yeye hutabasamu hata ukimkanyaga. Mimi nimekunja uso kwa maumivu.

"Iende," Mama Ulimi akamwambia Mrefu. "Hii ina mkono."

Akaja kwangu, akaonja, akanitazama. "Imwage. Imekosa chumvi."

Pale mtaroni, chupa imeinama mkononi, ndipo akili ikanifunguka. Saa ya chai nikachukua kitambaa cha jikoni, nikakichoma kwenye moto nyuma ya mgongo wa Mama Ulimi, hatua mbili tu kutoka kwenye kiti chake. Watu watatu upande wa pili wa chumba waliruka na kuuliza nini kinaungua. Yeye aliendelea kunywa chai yake, akageuka pale tu alipoona wenzake wamegeuka. Pua yake ilikuwa imekufa. Ilikufa na yale mafua, na kwa karibu miaka miwili alikuwa hasikii harufu ya kitu chochote. Alikuwa anaonja nyuso zetu.

Sasa, hapa naomba mnisikilize vizuri. Nilikuwa nimebakiza mara moja kumwaga unga. Na dawa nilikuwa nayo: nisimame nyuma ya chupa yangu nitabasamu kama Mrefu. Basi. Ningepita Alhamisi hiyo na Alhamisi zote, na yule mama angezeeka kwenye stuli yake. Sikutaka. Nilitaka achomoke pale juu na kila mtu aone anavyochomoka.

Nikatengeneza embe yangu bora kuliko zote. Chumvi kamili, siki kamili, pilipili kamili, kwa sababu ulimi wake ulikuwa bado unazijua hizo. Kilichokufa ni pua tu. Asubuhi ya Alhamisi nikajaza chupa, nikatia kijiko kimoja cha mafuta ya taa, nikakoroga, nikafunga kifuniko.

Siku hiyo bosi alikuwa amemleta mnunuzi wa hoteli kubwa, mama mmoja wa miwani, anayezungumza taratibu. Mama Ulimi alivaa mtandio mpya. Alianza mwisho wa meza, akawa anakuja. Iende. Iende. Mmoja akammwagisha. Iende, kwa Mrefu. Akafika kwangu.

Nilimtabasamia. Nilikuwa nimelifanyia mazoezi lile tabasamu kwenye kioo cha bafuni mpaka wanangu wakaniuliza kuna nini.

Akafungua kifuniko. Harufu ikapanda. Mrefu akatoa macho na kufungua mdomo. Nikamkanyaga mguu, akafunga. Mama Ulimi akachota, akatafuna, akanitazama, na kwa sababu ya mgeni hakutema kwenye karai, akameza.

"Iende," akasema. Akamgeukia mnunuzi. "Mama, hii ndiyo achari. Hebu onja mwenyewe." Akachota kijiko kingine, akampelekea mdomoni kwa mkono wake.

Yule mama wa miwani hakutema vizuri. Nyingine ilitoka kwa mdomo, nyingine kwa pua, na miwani ikaanguka kwenye karai. Bosi alikimbia, akanyakua chupa, akainusa, akairudisha nyuma haraka. Kisha akatulia. Bosi wetu ni mnene na mpole wa sura, lakini si mjinga.

"Mama," akamwambia Mama Ulimi, akimwekea chupa chini ya pua. "Unasikia harufu gani?"

Akaanza kututazama. Alipita uso hadi uso, akitafuta jibu, na sisi tukakauka. Alipofika kwangu nikamrudishia macho makavu.

"Ya haradali," akasema.

"Na?"

"Na... uwatu kidogo."

"Geukeni wote," bosi akatuambia. "Nyuso ukutani."

Tukageuka. Ule ukuta nimeukariri. Una madoa ya manjano, na msumari uliopinda. Nyuma yetu bosi alipanga chupa tatu za embe, yangu na ya Mrefu zikiwemo, akamwambia achague iliyoharibika. Tukasikia kijiko kikigonga kioo. Tukamsikia anatafuna. Akauma kiazi. Kijiko tena, chupa ya kwanza, ya pili, ya tatu, akarudi ya kwanza. Alikunywa maji. Akauma kiazi tena, na kilikuwa kimekauka, tulisikia anavyohangaika kukimeza.

Halafu kwa sauti ndogo ambayo hatukuwahi kuisikia kutoka kwake akasema, "Mrefu. Geuka kidogo, mwanangu. Geuka nikuone."

Mrefu alianza kugeuka. Nikamshika kiwiko, nikakibana kwa nguvu mpaka akatulia. Naona haya kusema hivi lakini nitasema: nilikuwa nacheka. Nilikuwa nimeufunga mdomo lakini mabega yalikuwa yanatikisika.

Alichagua chupa ya Mrefu.

Sikungoja kuulizwa. Nikasema mafuta ya taa nimetia mimi, na sababu yake ndiyo hiyo wameiona. Mnunuzi alikuwa ameshaondoka bila kuaga. Bosi alifunga kifuniko cha chupa yangu, nikajua leo ama nafukuzwa ama napelekwa polisi. Akasema, "Pua unayo. Na roho ya kukaa pale unayo." Akaionyesha stuli kwa kidevu.

Mama Ulimi hakufukuzwa. Bosi alimwonyesha tu karo la kuoshea chupa, lile lililo mkabala na meza, na yeye akavua mtandio mpya, akaukunja, akakunja na mikono ya gauni. Kwa miezi minne hakusema neno nami, na mimi nikarudisha utaratibu wa zamani: wenzangu nje, namba chini ya chupa, na pipa langu kwa mtu mpya. Kazi niliifanya kwa haki. Wenzangu walianza kunipenda, na mimi nikaanza kujipenda.

Siku moja nilikwenda karoni kuchukua chupa, akasema bila kuinua kichwa, "Mama Pacha, ile ndimu yako ya wiki ya msiba haikuwa na kasoro."

"Ungejuaje na wewe husikii kitu?"

"Nilijua unamlilia mama yako. Mtu anayelilia kazi hulia akinitazama, na wewe ulikuwa unatazama chini." Akasuuza chupa. "Na ile ya jino, chumvi ilikuwa sawa. Chumvi naijua bado."

Nilimuuliza kwa nini, basi.

"Lazima imwagwe moja kila wiki," akasema. "Ulimi usiomwaga nani atauamini? Nilikuwa namtafuta yule ambaye watu hawatashangaa. Wewe ulikuja na uso ulioharibika, ukanirahisishia."

Ningeweza kumpiga. Badala yake nilirudi kwenye stuli yangu nikijiambia kwamba mimi si yeye. Nilijiambia hivyo kwa wiki tatu, na kwa bahati mbaya wiki hizo tatu chupa zote nane zilikuwa nzuri. Wenzangu walikuwa wamejifunza, kwa sababu niliwafundisha. Iende, iende, iende. Alhamisi ya tatu bosi alikuja akasimama mlangoni, mikono nyuma.

"Zote tena?" akauliza. "Mama Pacha, una hakika unaonja? Au na wewe una mafua?"

Alicheka, lakini macho yake hayakucheka. Nikawaona wanangu. Nikaiona aproni ikivuliwa. Nikazitazama zile chupa nane, na kwa kweli hakuna hata moja iliyokuwa na neno.

Ya Mrefu niliitambua bila kugeuza kitako. Yeye hukata embe nene. Wiki ile mtoto wake alikuwa amelazwa hospitali. Alikuwa anakuja kazini amechelewa, macho mekundu, vifungo vya gauni amevifunga vibaya. Kila mtu angeamini.

"Hii imwagwe," nikasema. "Imekosa chumvi."

Mrefu akaitwa. Hakubisha. Hata akanitabasamia, kama mtu anayeomba radhi, akachukua chupa yake akaenda nayo mtaroni, na tukasikia inavyomwagika. Kisha akaja na chupa tupu karoni, na Mama Ulimi akaipokea.

Kabla hajaitia maji aliingiza kidole ndani, akafuta kile kirojo kilichobaki pembeni, akakilamba. Akabaki hivyo kidogo, kidole mdomoni. Halafu akainua kichwa akanitafuta kule juu ya stuli, akanitazama usoni, akatazama vizuri, bila haraka, kama alivyokuwa akitutazama zamani.

Mimi nikachukua kiazi, nikauma. Yeye akafungua bomba, akaanza kuosha.