Siku Bi Lim Alipokwenda Kwao Bila Taji

Ni asubuhi ya pili ya mwaka mpya wa Kichina. Fataki zinapasuka barabara nzima ya kijiji cha Tuakang, Taiwan, na Koh Siok-bi amesimama juu ya stuli ndani ya hekalu, chanuo kati ya meno, anachomoa pini kwenye nywele za suria wa mfalme.

"Usisukume stuli, Mzee," anasema bila kutoa chanuo. "Nikianguka naye utawaambia nini watu?"

"Sisukumi, nashikilia," anajibu Mzee Khoo Thian-siu, mwenyekiti wa hekalu. "Wewe ndiye unayetikisika."

"Natikisika kwa sababu unanipumulia miguuni."

Wanawake waliobeba sinia za keki za mchele wanacheka. Nje, wabebaji wa machela wamechoka kusubiri. Ngoma zimeshapashwa moto. Leo kila mwanamke aliyeolewa anakwenda kwa wazazi wake, na Bi Lim naye anakwenda kwao.

Inasimuliwa hapa kwamba Bi Lim alichukuliwa binti mdogo kutoka kijiji cha Nalim, akawekwa ikulu miongoni mwa masuria wa mfalme, asirudi tena mpaka kufa. Ndiyo maana watu wa Tuakang, wanaomfukizia udi mwaka mzima, humbeba kila mwaka mpya wakampeleka kwa wenyewe. Sanamu yake ina nywele halisi, zilizokatwa vichwani mwa wanawake wa kijiji.

Mwenye kazi ya kuzitengeneza ni Siok-bi, miaka hamsini na minane, mwenye saluni ya viti viwili nyuma ya soko la samaki. Kuosha na kukausha ni dola mia mbili za Taiwan. "Umbea ni bure," anasema, "na ndio unaowaleta."

Kila mwaka Bi Lim husafiri na taji la ikulu, zito, lenye shanga zinazoning'inia mpaka puani. Mwaka huu Siok-bi ameomba asilivae. Anataka aende na msuko mmoja mgongoni, kama msichana.

"Ikulu alikuwa suria. Kwao ni mtoto," anasema. "Mtoto gani anaingia kwa mama yake na taji? Mama atamshika kichwa wapi?"

Halisemi kwa kubuni. Bibi yake, mzaa mama, alikuwa bi mdogo wa mfanyabiashara wa mchele. Alikwenda kwao mara moja tu, mume akamvisha dhahabu kichwani mpaka shingoni ili watu waone hateseki.

"Mama yake akaogopa kumgusa," anasimulia Siok-bi. "Wakakaa wanaangaliana kama wageni kituoni. Bibi alinieleza akiwa na miaka tisini, na bado machozi yalimtoka."

Mzee Khoo hakukubali. "Watu wa Nalim watasema Tuakang wamefilisika, wameuza taji la binti yao. Mimi ndiye nitakayetukanwa, si wewe."

Basi wamekubaliana aulizwe mwenyewe. Kuna vibao viwili vya mbao, kila kimoja bapa upande mmoja na mviringo upande wa pili. Vikianguka kimoja hivi na kimoja vile, amekubali. Vikilala vyote migongo juu, amekataa. Vikionyesha vyote ubapa, anacheka, hajajibu. Kukubali lazima kuje mara tatu mfululizo. Akikataa, Siok-bi ameahidi kumvika taji kwa mikono yake na asilitaje tena jambo hili.

Anapiga magoti, anarusha. Amekubali. Anarusha tena. Amekubali. Mtu anamziba mtoto mdomo.

Mara ya tatu vibao vinazunguka sakafuni, vinatulia. Vyote bapa.

"Anakucheka," anasema Mzee Khoo.

"Anatucheka sote, na wewe umo."

Siok-bi hainuki pale chini. Mzee Khoo anakuna shingo, anaangalia nje, anaangalia taji.

"Hukumuuliza vizuri," anasema hatimaye. "Umemwambia unamvua. Hukumwambia unaliweka wapi. Mwambie litakwenda naye kwenye kapu, na kurudi huku atalivaa."

"Mzee, umehamia upande wangu?"

"Niko upande wa muda. Wabebaji wameshaanza kunywa."

Anauliza upya, kapu na yote. Amekubali. Amekubali. Kibao cha mwisho kinasimama wima kidogo, kinafikiri, kinalala. Amekubali. Hekalu linalipuka kwa vifijo, ngoma inaitikia, na Siok-bi anapanda tena stuli kusuka.

Huko Nalim, pazia la machela linapofunguliwa, watu wananyoosha shingo. Hapa karibu wote ni wa ukoo wa Lim na humwita Bi Lim Shangazi, lakini uso wake wote hawajawahi kuuona. Mzee Khoo anatazama viatu vyake.

Anasogea Lim Tshai-kim, bibi kizee kuliko wote pale, mkongojo mkono mmoja. Mkono wa pili anauweka juu ya kichwa cha Bi Lim, anauacha hapo.

"Kumbe paji la uso ni letu," anasema. "Umekonda, mwanangu."

Wanawake wanapanga foleni kumgusa. Lakini Bi Tshai-kim haondoki. Amegeuza msuko, anaukagua.

"Nani kamsuka huyu?"

"Mimi, Bibi," anasema Siok-bi.

"Umembana kama anakwenda vitani. Lete chanuo."

Anaufumua wote. Anachana polepole, anamnong'oneza habari za mavuno na nani kazaa, na hakuna anayemharakisha, hata wabebaji.

"Miaka yote ya saluni, ndiye mteja wa kwanza kunikosoa nikafurahi," anasema Siok-bi akipangusa macho kwa taulo la begani. Mpango wa mwakani ameshaupata, na Mzee Khoo ameshaambiwa, ameguna tu. "Mwakani simsuki. Nitamfungua nywele, nimpandishe kwenye machela hivyohivyo, zikipeperuka zipeperuke. Atasukwa kwao."