Kilo Iliyoliwa na Mizani

Binti yangu aliponiomba nimpime mtoto wake kwenye mizani ya samaki, nilipaswa kusema hapana. Neno lenyewe ni fupi. Sababu ya kulisema nilikuwa nayo, tena niliijua kuliko mtu yeyote pale ufukweni Dunga, kando ya ziwa, maana mizani ile ilikuwa mikononi mwangu kwa miaka mingi. Badala yake nilisema, "Mlete."

Alikuwa ametoka Nyalenda kwa miguu, mtoto amemfunga kifuani kwa leso. Mjukuu wangu wa kwanza, msichana, aliyezaliwa kabla ya wakati wake na ambaye hakuwa amefikisha miezi mitatu. Mwili ulikuwa unachemka. Sikio moja lilitoa usaha, na kila akiguswa upande huo alilia mpaka sauti ikakatika.

Zahanati ilikuwa imefungwa kwa sababu ya mgomo. Hadi leo nikipita mbele ya lango lile nafsi yangu huwaka. Kufuli kubwa, mlinzi amekaa kwenye kiti cha plastiki, na mtu akiuliza ni lini watafungua, mlinzi anauliza na yeye, "Unaniuliza mimi?" Hospitali kubwa nayo, tuliambiwa, wagonjwa walikuwa wanarudishwa mlangoni. Basi binti yangu akaenda kwa mama mwenye duka la dawa, pale karibu na kwao.

Ningependa kumlaumu yule mama. Ingenipunguzia mzigo. Lakini alifanya kazi yake. Alimwambia binti yangu kwamba mtoto mdogo kiasi hicho anapaswa kuonwa na daktari, na kwamba kama hakuna njia, atamwanzishia dawa ya maji ya kuua vijidudu, ila hatampa kwa kukisia. Ikizidi itamdhuru. Ikipungua, vijidudu havifi, vinabaki ndani na kurudi. Kiasi cha dawa kinatokana na uzito wa mtoto. Mizani yake mwenyewe ilikuwa imeharibika, na fundi wa Kondele alikuwa amekaa nayo, kila siku anasema kesho.

"Tafuta mahali umpime," akamwambia. "Ukipata kilo, nipigie, dawa nitakuwa nimeshaikoroga."

Binti yangu angemfikiria nani mwingine? Baba yake alikuwa mtu wa mizani.

Sasa nieleze mizani yenyewe. Ilikuwa ya kuning'iniza, ya uso wa duara na mshale, imefungwa kwenye boriti ya kibanda ambako wavuvi walileta samaki na wanunuzi wakawachukua. Nyuma ya kioo kulikuwa na msumari mdogo uliouzuia mshale usishuke chini ya sifuri. Springi ilikuwa imelegezwa. Hata karai la kupimia likiwa limening'inizwa, mzigo ulipaswa kuvuta karibu kilo nzima ndipo mshale uanze kusogea. Aliyeifanya hivyo ni mnunuzi mmoja, na aliniambia mimi tu, kwa kuwa mimi ndiye niliyesoma kilo kwa sauti. Sikupinga. Kwenye kreti iliyojaa mbuta, kilo moja haionekani. Wavuvi walinung'unika kwamba mizani inakula, nami nikawajibu kwamba samaki hukauka njiani. Hata nyumbani, binti yangu alipokuwa msichana mdogo na kuuliza kwa nini watu wanasema baba yake anaiba, nilimwambia wavuvi hulalamika tu, ndiyo desturi yao. Akaniamini.

Siku hiyo kulikuwa na foleni. Nikaosha karai, nikalining'iniza, mshale ukakaa sifuri kana kwamba hakuna kitu. Binti yangu akatandika leso na kumlaza mtoto.

"Yawa!" akaita mvuvi mmoja mnene aliyekuwa mbele, samaki wake wa ngege wametungwa kwenye kamba. "Mzee sasa ameanza kununua watu!"

"Mama, mtoe haraka," akadakia mwingine. "Hiyo mizani itamla mguu mmoja."

"Omera, ndugu yangu, hata mimi nataka kupimwa. Nitarudi nyumbani nimekuwa kijana!"

Wakacheka. Mimi pia nilicheka, na kicheko hicho ndicho ninachokisikia mara nyingi hadi leo. Binti yangu hakucheka. "Baba, achana nao. Kilo ngapi?"

Mshale ulikuwa umesimama kwenye tatu. Nilijua mtoto ni kilo nne. Nilijua pia kwamba wanaume wale wote walikuwa wanautazama mshale kama mimi, na nikitamka nne wangeuliza ile ya nne imetoka wapi. Mnunuzi yule aliyeichezea mizani alikuwa amekaa juu ya kreti tupu, hatua chache tu kutoka kwangu, ameacha kutafuna.

Ningeweza kumvuta binti yangu kando. Ningeweza kumnong'oneza. Mambo haya mepesi huja yote baadaye, yakipanga mstari. Binti yangu alikuwa ameshapiga simu, na mama wa duka alitaka kusikia kutoka kwa aliyepima, kwa hiyo simu ikaletwa sikioni mwangu.

"Mzee, umeona kilo ngapi?"

"Tatu," nikasema. "Tatu kamili."

"Una hakika?"

"Mama, hii ndiyo kazi yangu."

Mama wa duka akatoa dawa ya mtoto wa kilo tatu. Alimpa binti yangu bomba lisilo na sindano, akalichora kwa kalamu kuonyesha dawa ifike wapi, akamwambia asizidishe hata tone. Binti yangu hakuzidisha. Hajawahi kuwa mtu wa kubahatisha. Aliinua bomba kwenye mwanga kila mara, jicho moja amelifumba, mpaka dawa ilingane na mstari ule. Nilimtazama akifanya hivyo nikajiambia, kilo moja ni nini? Kwenye kreti si kitu. Kwa mtoto yule ilikuwa robo ya mwili wake, na hesabu hiyo haihitaji shule niliyosoma mimi.

Joto lilishuka, tukashukuru Mungu. Usaha ukapungua lakini haukuisha. Halafu dawa ilipokaribia kumalizika joto likapanda ghafla, mtoto akakataa ziwa, shingo ikakakamaa, akaanza kurusha mikono. Tulimkimbiza hospitali kubwa kwa bodaboda, mgomo au si mgomo, na kwa bahati tulimkuta muuguzi aliyekubali kumpokea. Akamweka kwenye mizani yao, ile ya namba. Ikaandika nne na kitu. Akasoma maandishi kwenye chupa, akaitazama alama ya kalamu kwenye bomba.

"Nani alisema ni kilo tatu?"

"Baba yangu," binti yangu akajibu. "Alimpima Dunga."

"Mtoto mgonjwa haongezi kilo nzima ndani ya wiki, mama. Hiyo mizani ni mbovu."

Binti yangu akageuka. Nilingoja aulize, ili nipate pa kuanzia kujitetea. Hakuuliza. Alizaliwa karibu na ufukwe ule, na maneno ya wavuvi alikuwa ameyasikia tangu utoto.

"Ulijua," akasema. "Ulinitazama, ukajua."

Ugonjwa ulikuwa umetoka sikioni ukaingia kwenye ngozi zinazofunika ubongo. Daktari alikuwa mtu wa haki, hakutaka kuapa kwamba dozi kamili ingezuia yote hayo. Alisema tu kwamba mtoto alikuwa amepewa dawa ya mtoto mdogo kuliko yeye, na kwamba vijidudu vikipewa kidogo hupumzika kisha huendelea.

Niliacha kazi ya mizani. Wavuvi niliwaambia habari ya msumari, wakanitukana, na walistahili kunitukana. Wanunuzi wakaleta mizani nyingine. Nasikia nayo inakula.

Mjukuu wangu alipona, lakini hasikii. Sasa anatembea, anacheka, na ukimwita akiwa amekupa mgongo hageuki. Binti yangu humleta kwetu Krismasi ili amwone bibi yake. Mimi hanipi nimbebe. Mtoto yule amepoteza masikio yake, nami nimempoteza binti yangu, kwa sababu niliona aibu kusema nne mbele ya watu.