Ng'ombe wa Chuchu Tatu

Mume wangu alifanya kazi katika kiwanda cha chai karibu na Boito maisha yake yote, akakatwa pensheni kila mwezi, na kwenye fomu, pale pa kuandika mrithi, hakuandika mtu. Alisema kutaja nani atachukua mali yako ni kujiitia kifo. Kifo kilikuja bila kuitwa. Mimi nikabaki na hasira naye, na karo ya chuo ya kitindamimba wetu ikinisubiri.

Ofisi ya pensheni ilitaka barua ya chifu kuthibitisha kwamba nilikuwa mke. Cheti hatukuwa nacho. Tulioana kimila, tukafungana nyasi mkononi, na nyasi hazina muhuri. Chifu, kijana aliyeletwa kwetu juzi tu, akaniambia nilete shahidi wa kila upande.

Upande wangu alikuja baba mdogo, aliyepokea mahari yangu. Upande wa mume alikuja shemeji, aliyewaswaga ng'ombe wenyewe. Kazi yao ilikuwa kusema ndiyo, basi.

"Mzee, huyu mama aliolewa?" chifu akauliza.

Baba mdogo akavua kofia. "Aliolewa kidogo."

Nilitamani kuingia chini ya meza.

"Kidogo aje?"

"Mahari haikuisha. Walileta ng'ombe moja ya chuchu tatu. Hiyo mimi sihesabu."

Shemeji akaruka. "Chuchu ilikuwa nne, mzee! Hiyo ya nne ilikufa kwenu, juu nyinyi hamkujua kukamua!"

"Sisi? Hatujui kukamua?"

Ng'ombe mwenyewe alikufa kabla chifu hajazaliwa. Hawakujali. Baba mdogo alichuchumaa katikati ya ofisi kuonyesha alivyokamua, vidole vikivuta hewa, na shemeji akachuchumaa kando yake kumsahihisha. Waliokuja kutafuta vitambulisho waliacha foleni wakajaa mlangoni, na mama mmoja akaanza kutoa ushauri kuhusu mafuta ya kukamulia. Mimi nililia kwa hasira, maana niliiona karo ya mtoto ikienda na chuchu ya nne.

Chifu alicheka mpaka akavua miwani. Kisha akavuta karatasi.

"Mama, wacha kulia. Watu hawawezi kupigania ng'ombe ya mahari namna hii na hakukuwa na ndoa. Naandika wewe ni bibi yake."

Pesa zilipotoka nililipa karo kwanza. Zilizobaki nikanunua mtamba, nikampeleka kwa baba mdogo, nikamwambia ametoka kwa mume wangu. Hata chai hakunikaribisha. Alipiga magoti akakagua chuchu moja baada ya nyingine, ya nne akairudia. Halafu akanishika mkono, pale nyasi zilipofungwa.

"Sasa umeolewa," akasema.

Nilicheka njia nzima. Nilipofika kaburini kumpa mume wangu habari hizo, nilimlilia vizuri kwa mara ya kwanza, kwa sababu hasira ilikuwa imeisha.