Siku Baba Mdogo Alipowalewesha Nyuki

Baba mdogo, Mungu amrehemu, alikuwa fundi baiskeli, lakini shamba lake la mahindi lililindwa na nyuki. Alilizungushia waya akaning'iniza mizinga, ili tembo akiugusa waya, mizinga itikisike na nyuki watoke.

Asubuhi moja aliifukiza moshi mizinga yote ya upande wa mto ili arine asali. Hajajaza hata ndoo, tembo hao! Jike mkubwa mbele, watoto nyuma, na mahindi yetu ya mwaka mzima yalikuwa karibu kuvunwa. Jike akausukuma waya. Mizinga ikabembea, kimya. Nyuki walikuwa wamelewa moshi!

"Baba, kimbia!" nilipiga kelele.

"Nikikimbia, mtakula spoki?"

Akakimbia kweli, lakini kuelekea mizinga ya upande wa barabara, ambayo hakuifukiza. Akaushika waya, akautikisa kwa nguvu zake zote huku akimwita Mungu. Nyuki wakafumuka! Wakamvamia yeye kwanza, kisha wakawaendea tembo. Jike akalia kwa sauti ya kutetemesha ardhi, akawageuza watoto wake, vumbi likatimka hadi mtoni.

Baba mdogo alirudi nyumbani uso umevimba kama mpira. Mama mdogo akamtazama mlangoni.

"Karibu, mgeni. Mume wangu umemwacha wapi?"

Miaka imepita tangu siku ile, na juzi tulimzika. Mahindi ya mwaka huu yameanza kukauka, na mama mdogo ameshatuonya: asali hairinwi mpaka gunia la mwisho liingie ndani.