Miguu ya Sibomana

Mwaka ule sabuni ilipoadimika, ikapatikana kwa foleni tu, Sibomana, kibarua wa Kihanga, alijifunza kwamba zawadi haifungui lango. Alipeleka mche mzima wa sabuni kwa mzee Polikarpi wa Kiruruma, ili amwone mwanawe, kichanga aliyezaliwa na Vestina, binti wa mzee. Polikarpi akaupokea kwa mikono miwili, akafunga lango.

"Posa hujaleta, mahari hujatoa. Mtoto ni wa hapa. Sabuni nitamwogeshea."

Sibomana hakugombana. Aliyekwisha kutoa bidhaa yake atapatana kwa kitu gani? Akarudi kwenye jembe, masikio wazi.

Haikupita muda akasikia: Polikarpi amevundika ndizi za rubisi, pombe ya ubatizo wa mtoto huyohuyo, na shemeji anayemkanyagia ndizi kila mara, mpaka zitoe juisi, amekwama Kimuli. Wanawake hawakanyagi. Mzee mwenyewe kiuno hakimruhusu. Na ndizi iliyoivia shimoni haimngoji mtu.

Kesho yake akapita langoni taratibu, kama mtu mwenye safari zake.

"Shikamoo, mzee. Ndizi zako nimezinusa tangu barabarani."

"Marahaba. Pita, usinuse."

"Napita. Kesho zitanuka mpaka kwa katekista."

Mzee akakohoa. "Kijana, hiyo miguu ni safi?"

"Kwa sabuni ipi, mzee? Yangu unayo wewe."

Ndani, mama Laurensia, mke wa mzee, akaangua kicheko.

Sibomana akanawa miguu kwa sabuni yake mwenyewe, akaingia kwenye mtumbwi wa kukamulia, akakanyaga ndizi na nyasi. Juisi ilipoanza tu kuchuruzika, akasimama.

"Umechoka?" mzee akauliza.

"Hata. Nataka kumshika mwanangu. Leo, na kila Jumapili mpaka nimalize mahari."

"Huo ni unyang'anyi!"

"Basi natoka. Ingia wewe."

Polikarpi akatazama mtumbwi, akashika kiuno. "Jumapili moja kwa mwezi."

"Kila Jumapili. Na kila ukivundika, nakuja kukanyaga bure."

"Malizaneni," akasema Laurensia, ambaye alikwisha kutoka na mtoto. "Mikono inaniuma."

"Haya, kila Jumapili! Kanyaga!"

Sibomana akampakata bintiye palepale mtumbwini, akaanza tena, polepole, kushoto, kulia. Mtoto akapiga miayo, akalala kwa mwendo ule.

Akapunguza hatua ili amtazame vizuri usoni.

"Wewe!" mzee akanong'ona kwa ukali. "Usisimame, utamwamsha."