Joto la Nyuzi Thelathini na Saba

Sikuwa mlevi, sikuwa na homa, na haya sikuyasikia kwa watu. Yalinikuta mimi mwenyewe, saa kumi alasiri, jua likiwaka, kwenye karakana yangu pale Point, Durban, mwishoni mwa miaka ya tisini. Na nilipima. Fundi akishapima, usimwambie ameota.

Kwanza ujue jambo moja. Nilikimbia vita kutoka Uvira, Kongo, nikiwa nimembeba binti yangu Sifa mgongoni. Alikuwa na miaka minne, na akilala kifua chake kilipiga filimbi ndogo sana. Huisikii mpaka akuwekee mdomo shingoni. Tulipofika mtoni nilimkabidhi kwa mama mmoja ili nivushe mizigo kwanza, nirudi mikono mitupu kumchukua. Ndiyo, mizigo. Nilivusha sufuria kabla ya mtoto. Risasi zikalia, na niliporudi sikumkuta mtu. Tangu hapo, kila Januari najaza fomu kwenye ofisi inayotafuta waliopotea.

Sasa, Durban ya Februari unaijua? Shati ulilofua halikauki, ulilovaa linalowa. Siku hiyo akaja mama wa Bukavu, msusi wa kule Warwick, na gari lake jeupe.

"Papa fundi, hii ekoni iko inanipulizia joto tu. Bafundi babili banashindwa."

Moyoni nikacheka. Kiyoyozi gani kinanishinda mimi? Nikawasha injini. Mkanda mzima. Kompresa ikashika. Nikafunga geji, gesi ipo ya kutosha. Nikagusa mabomba: jembamba la moto, nene la baridi mpaka linatoka jasho. Baridi ilikuwapo, basi ilipotelea wapi? Nikadhani ni maji ya moto yanaingia kwenye hita, nikabana mpira wake kwa koleo. Nikaingia ndani, nikachomeka kipimajoto kwenye tundu la hewa. Kiyoyozi kizima husoma nyuzi saba au nane. Hiki kilisoma thelathini na saba, na hakikusogea.

Mzazi yeyote aliyewahi kumpima mtoto homa anaijua namba hiyo.

Nikazima injini. Niamini, hewa iliendelea kuja. Ilikuja, ikakatika, ikaja tena, polepole. Nikainama niangalie ndani ya tundu, na joto likanipiga shingoni, chini ya sikio la kushoto. Lilinukia karanga. Njia nzima nilikuwa nikimlisha Sifa karanga za kukaanga. Kisha, mwisho wa kila pumzi, nikasikia filimbi.

Sijui nilikaa pale muda gani. Najua nilikuwa na raha ambayo sikuwahi kuipata tangu mtoni. Nilimtamani mwanangu mpaka mikono ikajipeleka mgongoni yenyewe, kama nimemshikilia.

Yule mama akafungua mlango akaniangalia. Hakuuliza gari lina nini.

"Ya kwako ni nani?" akasema. "Mimi nasikia bwana yangu. Fundi wa kwanza alisikia mama yake, wa pili kaka yake. Bote balikufaka, papa. Unifungie tu. Nimechoka kulia kwenye robot, kwenye mataa ya barabara, magari nyuma yanapiga honi."

Bote balikufaka! Lakini kipimajoto mkononi mwangu kilisema thelathini na saba, na wewe niambie, maiti gani ana joto hilo?

"Hakuna mtu, mama," nikamwambia. "Kilango cha hewa ya moto kimekwama wazi tu."

Nikapenyeza bisibisi chini ya dashibodi, nikakisukuma kile kilango. Kilikuwa kizito, kama mlango unaosukumwa na mtoto upande wa pili. Nikakaza mkono mpaka kikafunga. Nikawasha injini: nyuzi saba. Mama wa watu akalia, akanishukuru, akaondoka, na sijawahi kumwona tena.

Tangu siku ile hapo chini ya sikio hapapati joto. Hata Februari nafunga kitambaa, na vijana wa Point wananicheka, eti mzee anaumwa baridi Durban. Waache wacheke.

Lakini wewe mwenye mtu unayemngoja, nisikilize. Gari likikupulizia joto la namna ile, usikimbilie bisibisi. Ita jina kwanza. Mimi niliogopa kuliita. Angenyamaza ningejua, na angeitika ningejua pia, kwa hiyo nikamfungia mlango mwanangu, nikamwacha mara ya pili, nisijue lolote. Fomu bado naijaza kila Januari. Penye umri naongeza mwaka mmoja.